Taka ni Mali ya Nani?

Wasomaji wetu wa Kahama, Msalala na Geita hawana haja ya kuelezwa kwa kirefu maana ya neno makinikia. Mwezi Machi mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje ya nchi mchanga wenye madini uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakazuiliwa Dar es Salaam. Kwa miezi mingi, kuanzia Bungeni hata kwenye vijiwe vya kahawa, nchi nzima ilibishana juu ya swali moja: mle mchangani mna nini? Kamati iliyoundwa na Rais ilisema mna mali nyingi kuliko ile iliyotangazwa, kampuni ikakana. Ugomvi ulimalizika kwa mapatano yaliyotangazwa Oktoba 2019, ikaundwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa 16 kwa mia ndani yake. Hatuna nia ya kuufukua tena ugomvi huo. Twautaja kwa sababu swali lake ni kubwa kuliko mchanga wenyewe, nalo yaelekea litaulizwa tena katika nchi yetu, safari hii si mgodini bali shambani.

Wataalamu wa nchi nyingi wamekuwa wakitafuta namna ya kugeuza masalia ya mimea kuwa kaboni ya kuhifadhia umeme. Masalia yenyewe ndiyo haya tunayoyakanyaga kila siku: vifuu vya nazi, pumba za mpunga, magunzi ya mahindi, maganda ya karanga, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa. Na kaboni ni nini? Mwenye kutaka kujua na achukue kipande cha mkaa jikoni kwake. Hicho, kwa sehemu iliyo kubwa, ni kaboni.

Kazi yenyewe si uchawi. Mchoma mkaa yeyote aijua nusu yake ya kwanza. Ukichoma mti penye hewa nyingi, wapata majivu. Ukiuchoma penye hewa haba, chini ya udongo, wapata mkaa, maana moto hufukuza maji na moshi na utomvu, kaboni ikabaki. Nusu ya pili hufanyika kiwandani. Mkaa hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 au 900, hupulizwa mvuke wa maji, ama huchanganywa na dawa kama potasi, hata ukatoboka vishimo visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ya kaboni ya namna hii ina kuta za ndani ambazo, kama zingeweza kutandazwa, zingefunika zaidi ya mita 1000 za mraba. Gramu saba au nane zingefunika kiwanja kizima cha mpira. Umeme ukiingizwa, chembe zenye chaji hujibandika katika kuta hizo, ukihitajiwa, hubanduka. Chombo kilichotengenezwa hivyo hakishiki umeme mwingi kama betri, lakini hujaa kwa sekunde chache na kuutoa kwa sekunde chache. Kampuni ya Kuraray ya Japani yauza kaboni ya kazi hiyo iliyotengenezwa kwa vifuu vya nazi.

Iko pia kaboni ya namna nyingine, iliyo ngumu, ambayo hupatikana kwa kuyapika masalia kwa joto la nyuzi zaidi ya 1000. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Kanada, Stevens na Dahn, walionyesha ya kuwa kaboni hii, ambayo wao waliipata kutoka sukari ya glukosi, yaweza kupokea na kuachia chembe za sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Tangu hapo betri za sodiamu zilianza safari ya kutoka chumba cha majaribio kwenda kiwandani, na mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ikatangaza ya kwake. Mwaka huo huo, huko Finland, kampuni ya Stora Enso ilikuwa na kiwanda cha majaribio cha kutengeneza kaboni ngumu kwa mabaki ya kazi ya karatasi. Mambo haya ni machanga bado, na mengine yatakufa kabla ya kukua, kama ilivyo kawaida ya mambo ya wataalamu. Lakini si ndoto.

Mtu atauliza: hayo yatuhusu nini sisi? Kishapu, katika mkoa wa Shinyanga, ndiko Serikali ilikochagua kujenga mtambo mkubwa wa umeme wa jua, na mkataba wa awamu ya kwanza ya megawati 50 ulitiwa saini mwaka 2023. Jua la Usukuma ni jingi mno, walakini huzama karibu na saa moja ya jioni, saa ile ile ambayo kila nyumba huwasha taa. Umeme wa jua usio na ghala ni kama viazi vitamu visivyokatwa michembe: leo washiba, kesho vimeoza. Mama wa Kisukuma, aliyejifunza kwa bibi yake kukausha michembe na matobolwa kwa ajili ya miezi ya njaa, hahitaji mhandisi wa kumweleza faida ya kuweka akiba. Basi hapana jambo la kipuuzi katika wazo la kwamba jua la Kishapu lihifadhiwe siku moja ndani ya kaboni iliyotoka katika mti wa pamba wa Kishapu. Twalitazama wazo hilo kwa furaha. Wala wasomaji wasidhani ya kuwa, kwa maneno yanayofuata, twataka kulizuia.

Swali letu ni la haki. Kitu kikiitwa taka leo, na kesho kikaitwa mali, hapo katikati kinakuwa cha nani?

Kanda ya dhahabu imekwisha kulijibu swali hili mara moja, na kwa maoni yetu imelijibu vibaya. Mchimbaji mdogo hutoa mawe yake duarani, huyapeleka kwenye karasha, yakasagwa na kuoshwa kwa zebaki. Zebaki hukamata dhahabu, lakini mara nyingi haifikii hata nusu ya ile iliyomo. Mchimbaji hulipa ujira wa kusagiwa, huchukua dhahabu yake kidogo, huenda zake. Mchanga uliobaki, ambao sote twauita marudio, katika sehemu nyingi hubaki kwa mwenye karasha. Ndiyo desturi, nani atajitwika viroba vya mchanga uliokwisha kuoshwa? Kumbe mchanga huo humwagwa katika matangi, hutiwa maji ya sayanaidi, na dhahabu iliyobaki huyeyuka na kutoka. Na hapo ndipo kaboni iingiapo. Maji yale yenye dhahabu hupitishwa katika punje nyeusi za kaboni, nazo huinyonya dhahabu kama sifongo inyonyavyo maji. Punje hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na soko la dunia huzipata hasa kutoka nchi za Asia zenye minazi mingi, ingawa pwani yetu wenyewe, toka Tanga hata Mafia, haikosi vifuu.

Tazama basi jinsi mambo yalivyo. Kifuu, taka ya jiko la Mwasia, chamsaidia mwenye tangi kutoa dhahabu katika taka ya mchimbaji wa Msalala. Na mchimbaji mwenyewe, aliyeshuka duarani kwa kamba, hapati kitu katika duru hiyo ya pili, ambayo aghalabu ina dhahabu nyingi kuliko ya kwanza. Hakuna aliyemwibia. Hakuna aliyevunja sheria ya desturi. Aliacha mwenyewe, kwa hiari, kitu ambacho wote wawili walikubaliana kukiita mabaki. Siku hizi wachimbaji wengi wanajua kilichomo katika marudio, lakini kujua bila mtaji wa tangi na dawa na kaboni ni kama kuona chakula dirishani kwa mwenzio.

Mgodi mkubwa haukufanya kosa hilo. Mwaka 2014 Bulyanhulu ilipata mtambo wa kuchenjua upya mabaki yake ya zamani, na tangu mwisho wa mwaka 2017, kazi za chini ya ardhi ziliposimama, hadi zilipoanza kurejeshwa mwaka 2020, dhahabu ya Bulyanhulu ilitoka katika mabaki hayo. Mgodi uliishi kwa taka zake kama ngamia aishivyo kwa nundu yake. Nao ulikuwa na haki, maana mabaki yalikuwa yake, uliyalimbika mahali pamoja, tena ulijua tangu mwanzo ya kuwa hayajakwisha.

Taka, basi, si aina ya kitu kama jiwe lilivyo aina ya kitu, au maji. Taka ni hukumu. Ni neno la mtu asemaye, sioni faida yake. Hukumu hiyo husimama juu ya elimu ya huyo asemaye, na kwa bahati mbaya elimu haigawanyiki kwa wote sawasawa kama mvua. Yule ajuaye mapema ana uwezo wa ajabu: aweza kuchukua mali ya mwenzake huku mwenzake akimshukuru kwa kumsafishia uwanja.

Wanafalsafa wa kale walilijua jambo hili vizuri sana. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anatupa kisa cha mfanyabiashara mwema aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rodo, wakati watu wa kisiwa hicho walipokuwa na njaa na bei imepanda mno. Njiani ameziona merikebu nyingine nyingi zikija nyuma yake na nafaka tele. Je, awaambie watu wa Rodo, bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero aeleza mabishano ya walimu wawili. Diogene alisema muuzaji apaswa kutaja kasoro za bidhaa kwa kadiri sheria inavyoagiza, na zaidi ya hapo kunyamaza si kudanganya. Antipatro alisema lazima aseme, kwa sababu mtu amezaliwa kuwafaa wenzake. Cicero mwenyewe akasimama upande wa Antipatro.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, miaka 1300 na zaidi baadaye, alikitazama kisa kilekile na kutoa jibu la upole zaidi, ambalo limewashangaza wanafunzi wengi wa seminari. Alisema mfanyabiashara huyo hafungwi na haki kusema habari za merikebu zinazokuja, kwa kuwa anauza kwa bei iliyopo sasa, na mambo yajayo hayajawa. Akisema, au akipunguza bei, atakuwa na wema mwingi zaidi, lakini asiposema hakuvunja haki. Na juu ya yule mtu wa mfano wa Injili, aliyeikuta hazina shambani, akaificha, akauza vyote alivyo navyo akalinunua shamba, Tomaso anasema alilinunua ili apate haki ya hazina yote. Maana kwa sheria ya wakati huo aliyeokota hazina katika shamba la mtu ilimpasa kumpa mwenye shamba nusu.

Je, basi, mnunuzi atakayefika kijijini Kishapu au Meatu kuitafuta miti ya pamba aweza kujikinga nyuma ya Mtakatifu Tomaso? Twasema hawezi, na sababu yetu ni hii. Zipo elimu za namna mbili. Iko elimu ya habari za soko: merikebu zinakuja, mvua imekosekana Mwanza, bei itapanda mwezi ujao. Habari hizo hupita upesi, kila mtu aweza kuzipata leo au kesho, na biashara yote ya dunia huendeshwa kwa kuwahi kidogo. Na iko elimu ya kitu chenyewe: hiki unachoniuzia ni nini? Watu wa Rodo walijua nafaka ni nafaka. Walichokosa ni habari za bahari. Lakini mkulima anayetia kidole gumba katika mkataba wa miaka kumi wa “kuondoa masalia shambani”, huku akidhani anaondolewa uchafu, hakijui hata kile anachokitoa. Radhi yake ni ya kitu kingine kabisa. Na mapatano yasiyo na radhi ya kweli, hata yakipigwa mihuri mitatu, yana kilema ndani yake.

Watu werevu watatujibu: Padre mhariri, wewe wasahau kazi ya mhandisi. Mti wa pamba haukuwa na thamani. Thamani imeletwa na akili yake, na tanuri yake, na fedha zake alizozihatarisha. Mkulima hakufanya kitu. Kwa nini alipwe kwa akili ya mwingine?

Jibu hili lina ukweli mwingi, nasi hatutaki kulipuuza. Mwenye tanuri astahili faida, hata faida kubwa, maana kati ya mti wa pamba na kaboni ya betri pana kazi ndefu: kusafisha majivu, kupika kwa joto kali, kupima, kukosea, kuanza upya. Lakini si kweli kwamba mkulima hakufanya kitu. Alilima, alipanda, alipalilia mara mbili tatu, alipulizia dawa kwa gharama yake. Mti uliobeba pamba ndio mti uliobaki. Haukuja shambani wenyewe baada ya mavuno. Zaidi ya hayo, si kweli hata kidogo kwamba haukuwa na faida, na hapo twaomba msomaji avumilie kidogo, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea.

Kanuni za zao la pamba zaagiza kila mwaka, baada ya mavuno, masalia yang'olewe na kuchomwa moto. Agizo ni la busara: funza mwekundu hujificha katika vitumba vilivyobaki akingoja msimu mpya, na mkulima mmoja mvivu aweza kuwaambukiza majirani zake wote. Kwa macho ya bwana shamba, kwa hiyo, mti wa pamba ni zaidi ya taka, ni adui. Nenda sasa nyuma ya nyumba hiyohiyo, utakuta miti ileile imefungwa mizigo mizigo, imeegemezwa ukutani. Ni kuni. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti kiasi cha kuitwa jangwa. Mama wa huko amejifunza kupika kwa miti ya pamba, na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pale ambapo hata hiyo haipo. Na kabla ya kung'oa, mifugo imekwisha kupita na kula majani. Kitu kimoja, majina matatu: bwana shamba akiita adui, mchungaji malisho, mama jikoni kuni. Atakuja wa nne akiite malighafi. Huyo wa nne atakuwa na mkoba na kalamu, na jina lake ndilo litakaloandikwa katika karatasi.

Tunachokiogopa ni hiki. Siku mti wa pamba utakapokuwa na bei, hata ndogo, baba ataupakia katika lori, kwa kuwa fedha ya pamba kwa desturi ni fedha ya baba. Kuni za mama hazikuwa na bei, kwa hiyo hazikuwa na mwenyewe anayetambulikana. Mama atakwenda wapi? Atarudi porini, kukata. Hivyo betri iliyosifiwa mjini kwa kuokoa miti itakuwa imeikata miti ya Meatu bila mtu kuiona shoka. Hatusemi ni lazima iwe hivyo. Mkaa wa miti ya pamba, ukichomwa vizuri kijijini, hupungua uzito hata ukabaki robo au theluthi ya ule wa kwanza, na sehemu ya mkaa huo yaweza kubaki jikoni, isiyo na moshi kama kuni mbichi. Tena moto wa tanuri, kama miti yote yatiwa humo pamoja na vitumba na wakati unaotakiwa na kanuni unatimizwa, humuua funza sawasawa na moto wa shambani. Sheria ya pamba, usalama wa zao, jiko la mama na kaboni ya mhandisi vyaweza kupatana. Vinachohitaji ni mtu wa kuuliza kabla lori halijafika.

Na ardhi je? Nayo ina madai, ingawa haisemi. Wakulima wa Usukuma wajua udongo ulivyochoka. Kitu kikitoka shambani kila mwaka na kisirudi hata kidogo, hesabu yake itakuja tu. Pumba za mpunga za Kahama, ambazo leo nyingi hurundikwa nyuma ya mashine za kukoboa au huchomea matofali, hazidai mengi. Hata zikienda zote kiwandani hatutalia. Lakini masalia ya shambani si pumba za mashine, nasi twaona haifai kuyaweka yote katika fungu moja kwa sababu tu kitabu cha kitaalamu kimeyaita kwa jina moja.

Nchi hii imekwisha kuonyesha ya kuwa watu wake waweza kuilinda mali isiyo na bei. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Wataalamu hawakuleta kitu kigeni. Walirudi kwa desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate kitu wakati wa kiangazi, wakaiacha ikue tena chini ya sheria za kijiji wenyewe. Kufika miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuwa hekta zaidi ya 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Ngitili nayo ni ghala. Ni majani yaliyowekwa akiba. Na iliwezekana kwa sababu kila kijiji kilijua ni ya nani, nani alishe lini, na mvunjaji atozwe nini.

Pamba yenyewe ina somo la namna hiyo hiyo, na la zamani zaidi. Mkulima huuza pamba pamoja na mbegu zake. Kiwandani nyuzi hutengwa, na mbegu, ambayo kwa uzito ni sehemu kubwa kuliko nyuzi, hubaki kwa mwenye kinu. Huko Marekani mbegu hiyo ilihesabiwa taka kwa miaka mingi katika karne ya 19, ikitupwa hata mitoni, mpaka ilipojulikana namna ya kuikamua mafuta, na mashudu yakawa chakula cha mifugo. Basi mtu akitaka kujua jinsi taka igeukavyo mali mikononi mwa yule aliyeishika wakati elimu ilipofika, na asisafiri mbali.

Wazee wa Kanda ya Ziwa hawakukaa kimya juu ya mambo ya pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, walipoona mizani ya wanunuzi haisemi kweli, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia. Na kutokana na mwendo huo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Hawakuanza kwa kudai kiwanda. Walianza kwa kudai kuona mshale wa mizani. Twajua mengine yaliyofuata: madeni, uzembe, wizi wa viongozi, na mwaka 1976 Serikali kuvivunja vyama vikuu. Ushirika si malaika. Lakini jambo lile la kwanza, la mkulima kutaka kujua uzito wa kitu chake kabla hajapokea bei, halijapitwa na wakati, na AMCOS za leo zimerithi kazi hiyo zipende zisipende.

Siku atakapofika mnunuzi wa masalia, na atafika, iwe baada ya miaka miwili au kumi na miwili, yampasa mwenyekiti wa AMCOS kuuliza mbele ya mkutano, si ofisini: Mti huu wataka kuufanya nini? Unapimwa mkavu au mbichi? Je, twaweza kuuchoma sisi wenyewe, tukakuuzia mkaa badala ya mti? Mkataba ni wa msimu mmoja au wa mtoto wangu? Kiasi gani hakiuzwi, kibaki kwa kuni na kwa shamba? Na katika mkutano huo wanawake wasikae nyuma mlangoni, kwa kuwa kuni zinazojadiliwa ni zao. Mnunuzi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, na arudi na lori lake tupu. Miti ya pamba itachomwa shambani kama kanuni zinavyotaka, nasi tutakuwa tumepoteza bei ya majivu.

Kuhusu marudio, kazi ni ngumu zaidi, maana huko desturi imekwisha kuota mizizi. Hata hivyo desturi si sheria ya Musa. Hakuna kinachomzuia mwenye karasha mwenye moyo wa haki kupima marudio ya kila mteja, kuandika uzito wake daftarini, na kumgawia fungu dhahabu ya tangi ikitoka. Hesabu yake haizidi ile ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambaye humuuliza kila mteja: pumba zako wachukua, au waniachia?